Shemeji Gidudu, Zima Hiyo Grainda

Shemeji yangu Gidudu, uliyezima simu ukaacha mashine ikinguruma,

Nimepiga namba yako mpaka yule mwanamke wa kwenye simu, anayesema mteja hapatikani, ameanza kunizoea. Nadhani karibuni ataniuliza habari za nyumbani. Kwa hiyo barua hii naiacha wazi. Naituma kwenye kundi la simu la watu wa Malukhu, huko Mbale, na nyingine iliyoandikwa kwa mkono nitaibandika kwenye kibanda cha chai kinachotazamana na karakana yako, ili mtu yeyote mwenye macho na huruma akusomee kwa sauti ya kuishinda mashine. Watakaocheka wacheke. Nimezoea kuchekwa. Tangu nilipoacha shule darasa la sita nimekula kwa mdomo huu, na haujanilaza njaa.

Ninachotaka ni kitu kimoja, nakisema mapema ili hata msomaji mvivu akipate: zima hiyo grainda ya kukatia mawe. Kinachokula kifua chako ni vumbi la mawe. Si mimi.

Naandika Kiswahili kwa sababu hatuna kingine cha kugawana. Kisoga wewe hukijui zaidi ya kuagiza chakula, na mimi katika Kigisu chenu najua salamu na matusi, na mara nyingine navichanganya. Kiswahili chako ni cha kambini, ulichorithi kwa marehemu baba yako askari. Changu ni cha madrasa na soko. Unakumbuka tulivyokuwa tukizungumza barabarani Jinja, watu wanapisha njia? Walidhani kuna mtu anakamatwa. Kumbe tunabishana nani alikula chapati ya mwisho.

Siku ya kwanza ulinikuta nimetoka safari zangu, nina shati la Mombasa na viatu vya Juba. Nilikwambia nimefukuzwa Kigali kwa kudondosha ganda la ndizi, ukakaa chini kwa kucheka. Ulikuwa na mkono, mimi nilikuwa na maneno. Ukasema, "Swaibu, wewe lete watu, mimi takata mawe." Tukafungua kibanda chetu kando ya barabara ya kwenda Wanyange. Walio hai tuliwakatia meza za jiko za granaiti, waliokufa tukawapa vitanda vya makaburi. Mwislamu na Mkristo, wote tunaishi kwa jiwe la kaburi la mtu mwingine. Nami, kwa sababu siwezi kuona kitu kizuri nikakiacha, nilikuja kwako kutafuta mshirika nikaondoka na dada yako. Alipoolewa aliitwa Hadija. Wewe hadi leo unamwita Nambozo, na mimi nikitaka anisamehe jambo humwita Nambozo pia.

Ulikuwa unapiga mluzi, Gidudu. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Grainda inalia, cheche zinaruka, na juu ya kelele zote mluzi wako unapita kama uzi kwenye sindano. Wachukuzi wa boda walikuwa wanajua umefika kazini kabla hawajakuona.

Nataka nikukumbushe siku ya afande. Yule mstaafu wa magereza, mtu wa kaskazini, mrefu kama nguzo ya umeme, aliyetaka kaburi la mama yake liandikwe Kiswahili kwa sababu mama huyo aliwalea yeye na nduguze kambini. Maneno yalikuwa matatu tu. Nilikwambia kwa mdomo, ukachonga kwa siku nzima, herufi zimetulia, zimenyooka, kila mkia umepinda vizuri. Afande akaja, akavaa miwani, akasimama.

"Bwana, hapa panasema nini?"

"Rara sarama, Mama," ulimjibu, kifua mbele.

"Naona. Umeandika vile unasema."

Akapitisha kidole kwenye herufi. "Mama yangu alikuwa mtu mpole. Hii inafanya kama ananguruma."

Nikaingilia, kama kawaida yangu. "Afande, hiyo ni Kiswahili ya zamani. Ya Mombasa, ya wazee kabisa."

"Mimi nimechunga watu wa Mombasa gerezani," alisema. "Futa."

Jiwe halina raba, shemeji. Ukikosea herufi moja, unasaga uso mzima wa jiwe mpaka herufi zote zishuke na kupotea, halafu unaanza upya. Ulisaga kutwa, jiwe kavu. Kumwagia maji hatukumwagia, maana grainda yetu ni ya umeme na sisi tulisema siku zote kwamba maji na umeme ni wake wenza, usiwaweke chumba kimoja. Tena jiwe likilowa huoni mstari. Vumbi lilipanda mpaka sikuona mlango. Ulipotoka ulikuwa mweupe kuanzia nywele hadi kope, kama kijana wa kwenu aliyepakwa unga akisubiri kisu cha kutahiriwa. Nikapiga dumu nikaita kadodi, ngoma yenu, nawe ukacheza pale barabarani, unatikisa mabega, vumbi linakutoka kama moshi. Watu wa boda walisimama kutazama. Hata afande alicheka, na afande huyo nadhani hakuwa amecheka tangu aache kazi.

Tulicheka, shemeji. Herufi R tatu mahali pa L. Tulizifuta kwenye jiwe zikahamia kifuani mwako, na huko hakuna wa kuzisaga.

Jioni ile Nambozo alikuletea kitambaa chake ujifunge puani. Ulikishika, ukakitazama, ukamrudishia kwa adabu.

"Dada, mimi nilisimama mbele ya kisu, baba anaona, kijiji chote kinaona. Sikupepesa jicho. Sasa nifunike uso kwa sababu ya unga?"

Nani angekujibu? Mimi nilitahiriwa nikiwa mtoto mchanga, sina la kujivunia hapo. Lakini nimepata jibu sasa, nimechelewa nalo, nakupa. Kisu unakiona. Kinakuja, unakikazia macho, kinapita, ngoma inalia, unapona, unakuwa mtu mzima. Hili vumbi hulioni, halipiti, na halina shangazi wa kukupigia vigelegele. Ukilisimamia bila kupepesa, halikuhesabu mwanamume. Linaingia tu. Na nikwambie kingine ambacho daktari aliniambia baadaye: hata kile kitambaa cha Nambozo kisingetosha. Vumbi lenyewe linapita kwenye kitambaa kama panya kwenye uzio wa ng'ombe.

Tulikuwa na dawa yetu lakini, si ndiyo? Maziwa. Kila jioni pakiti ya maziwa, unaikata pembe kwa meno, unainua kichwa, unaimaliza. "Yanateremsha vumbi," ulikuwa ukisema, unajipangusa mdomo. Nami nilikuwa naleta pakiti hizo kwa fahari kama nimeleta sadaka. Na si sisi tu. Waulize wanaosaga mahindi, waulize akina mama wanaoponda kokoto, waulize wanaokata matofali: wote wanamwamini ng'ombe. Sijui nani alituambia. Labda ng'ombe mwenyewe.

Kitu cha kwanza kuondoka kilikuwa mluzi. Hukuniambia, nami sikukuuliza. Nilisikia tu siku moja kwamba grainda inalia peke yake. Halafu ukaanza kupumzika ukibeba ndoo. Halafu ukawa unapanda kile kilima kidogo cha kwenda nyumbani unasimama katikati, unajifanya unaongea na mtu kwenye simu. Shemeji, simu yenyewe ilikuwa haina chaji, niliona.

Tukaenda kupima kifua kikuu. Ukatema kwenye kikopo, tukarudi, wakasema hakuna kidudu. Ukatema tena. Yule dada wa maabara akatoka na karatasi, akaita mbele ya watu wote kwenye benchi: "Gidudu, hakuna kidudu."

Ukasimama ukasema, "Sista, kidudu hapana, lakini Gidudu iko."

Benchi zima lilicheka, hata yule mzee aliyekuwa anashikilia mbavu. Nilijivunia sana siku hiyo. Nikasema, huyu sasa ni mwanafunzi wangu. Wakakupa dawa hata hivyo, kwa sababu kikohozi chako na kukonda kwako vilifanana na ugonjwa ule, ukazimeza mpaka mkojo ukawa rangi ya chungwa, na kikohozi kikakaa palepale kama mgeni aliyeambiwa chakula kinakuja.

Ndipo Nambozo akasema twende Mbale, kwa sababu kuna daktari wa vifua anayesifiwa. Nimejaribu kuisahau siku ile, siwezi. Tulikaa watatu kwenye chumba kidogo, mimi, wewe na dada yako. Daktari alikuwa mama mmoja mfupi, sauti ya chini, amechoka lakini ana subira. Aliinua picha ya mapafu yako kwenye mwanga. Nilidhani ni kitambaa cheusi ambacho mtu amekimwagia mchele.

"Unafanya kazi gani, baba?"

"Mawe," ulisema.

"Unakata kwa maji au kavu?"

Nakumbuka ulinigeukia. Katika kupima kote, hapa na pale, hakuna aliyewahi kutuuliza swali hilo.

"Kavu," ulisema.

Akaweka picha chini. Akatueleza polepole, na mimi niliyeacha darasa la sita nilielewa, kwa hiyo usiniambie wewe hukuelewa. Alisema ndani ya jiwe kuna kitu kinaitwa silika. Imo kwenye granaiti, imo kwenye mchanga, kwenye tofali, kwenye zege, kwenye vigae vya sakafuni, kwenye jiwe la kunolea kisu. Dunia imejengwa kwa hiyo. Ikilala ndani ya jiwe haina ugomvi na mtu. Lakini ukiikata au ukiisaga kavu, inavunjika kuwa vumbi dogo hivi kwamba hata jua likipita dirishani hulioni lile baya, unaona lile kubwa tu. Kubwa linakamatwa puani, unalipenga, unalitema. Dogo linateremka mpaka mwisho wa mapafu, na pafu likiona kitu lisichoweza kukitoa linakijengea kovu. Kovu juu ya kovu. Mpaka pafu lenyewe linakuwa gumu, halipanuki. Alisema pia vumbi hilo linaufungulia mlango kifua kikuu, kwa hiyo uendelee kupimwa hata kama leo hakuna kidudu.

"Na maziwa?" niliuliza, maana nilikuwa na haraka ya kuokoa heshima yangu.

"Maziwa yanakwenda tumboni," alisema. "Ni chakula, anywe. Lakini vumbi haliko tumboni."

"Basi dawa ni ipi?" Nambozo aliuliza.

"Ya kulitoa haipo. Iliyopo ni kuacha kuongeza. Baba, usikate tena. Ukiacha leo, tunatunza pumzi iliyobaki. Ukiendelea, sitaki kukudanganya."

Wewe ukainamisha kichwa. Nilidhani unalia. Ulipoinua ulikuwa unanitazama mimi.

"Daktari, huyu shemeji tunakula vumbi moja. Kibanda kimoja, miaka yote. Mbona yeye anacheka?"

Gidudu, mdomo wangu umenilisha, umeniozesha, umenivusha mipaka bila karatasi. Siku hiyo mdomo huo ulinifanyia nini? Chumba kilikuwa kizito, nilitaka kukipunguzia uzito kidogo, nikasema, "Mimi vumbi linaniogopa."

Hakuna aliyecheka. Ukaenda nalo neno hilo. Ulilibeba mpaka kwa mganga, na mganga akakwambia kifua chako kimeliwa na mtu anayekula nawe sahani moja huku anacheka. Si vigumu kuniona hapo, maana nani mwingine anacheka kwenye ukoo wetu? Na zaidi, huyo mchekaji alikuwa amejisema mwenyewe mbele ya daktari kwamba vumbi linamwogopa. Ukaona yote yamekaa mahali pake. Ukafunga grainda kwenye gunia, ukapanda gari la Mbale, ukaniachia bamba moja la kaburi likiwa na nusu ya jina la mtu. Bado limeegemea ukutani. Kila asubuhi nalipita, na lile jina lisilokwisha naona kama linasubiri limaliziwe na lako.

Unadhani kwa kunikimbia mimi umemkimbia adui. Adui umembeba kwenye gunia, shemeji.

Nilikuja Malukhu, unajua. Mama wa chai aliniambia upo, hujatoka tangu asubuhi. Nikagonga mabati. Mashine ikazimwa.

"Gidudu hayuko," sauti ikasema.

"Amekwenda wapi?"

"Hayuko. Amesafiri."

"Basi mwambie akirudi shemeji yake alipita."

Ukataka kujibu, kikohozi kikakutangulia. Kilikuwa kirefu. Nilisimama nje na mkono kwenye bati, nasikia bati linatetemeka, nahesabu kwa moyo kama mtu anayesikiliza nyumba ya jirani ikiungua. Kilipokwisha nilisema, "Huyo msafiri wako anakohoa kama mtu ninayemfahamu."

"Swaibu, toka. Usiongee na mimi. Maneno yako ndiyo ninakufa nayo."

Kisha ukawasha grainda. Vumbi likatoka chini ya mabati, jeupe, laini kama poda ya mtoto, likanifunika viatu. Mama wa chai akaniita nikae, akanipa chai. Mimi, mtu wa maneno, nilikunywa chai nzima bila neno. Muulize.

Nikarudi Jinja. Tangu hapo nimekuwa kichaa kidogo, sikufichi. Naona silika kila mahali. Nampita mama anaponda kokoto kando ya barabara, nasimama kumwambia akae upande upepo unakotoka na alowanishe mawe, ananiuliza kama mimi ni wa serikali. Naona fundi anakata vigae kavu kwenye veranda, namchukulia chupa ya maji nammwagia mwenyewe mahali anapokata, ananitukana mpaka ukoo. Nimewatukana watu wanaofagia vumbi la saruji wakiwa hawajalinyunyizia maji. Juzi Wanyange niliona watoto wanagaagaa kwenye mchanga wa ziwani, nikakimbia kuwatoa, ndipo nikakumbuka daktari alisema mchanga mzima ni mkubwa, hauingii mapafuni, ubaya ni ukisagwa. Nikakaa chini palepale mchangani. Watoto wakanizunguka wakauliza, "Muzee, umepoteza nini?"

Na Nambozo. Nguo zetu alikuwa anazikung'uta mlangoni kila jioni, zako na zangu, kabla ya kuzifua. Nalala nafikiria kukung'uta kule. Anapokohoa kwa sababu ya moshi wa jiko, naamka nakaa. Sasa nazilowesha mwenyewe nguo zangu kwenye beseni kabla hajazigusa. Mwanamume mzima, msafiri wa nchi nne, nafua. Ungeona ungepona kwa kicheko.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya niandike.

Dada yako hajawahi kuniamini kwa jambo lolote, na hiyo ndiyo akili yake. Siku moja aliniwekea chakula, akakaa mbele yangu. "Ulisema vumbi linakuogopa," akasema. "Nenda basi wakaliulize."

Nilimwambia mimi ni mzima, nakula, nalala, nagombana. Akasema, "Gidudu naye alikuwa anapiga mluzi." Nikaacha kula.

Ukitaka kujua kwa nini nilionekana mzima, sababu haina uchawi. Wewe ulikuwa unainama juu ya jiwe, mimi nilikuwa nje kwenye upepo nawadanganya wateja. Wewe vumbi linakupanda usoni, mimi niko kivulini nasimulia Mombasa. Tulikuwa kibanda kimoja, ni kweli, lakini pua zetu hazikuwa mahali pamoja. Daktari mwenyewe alisema hivyo nilipokwenda peke yangu. Aliniuliza nilikuwa nakaa wapi kazi ikiendelea, nikamwonyesha kwa mikono. Akanipiga picha. Akaiinua kwenye mwanga, na mimi nikasoma kabla hajasema, kwa sababu mwandiko ule nilishauona.

Mchele, shemeji. Si mwingi kama wako. Umetawanyika tu huku na kule, kama mwenye kumwaga alikuwa na haraka. Lakini ni uleule.

Daktari alianza kuniambia kwa upole, akadhani nitaanguka. Nikamwuliza, "Mama, una hakika?" Akasema ana hakika. Nikamshukuru. Nilimshukuru kwa mikono miwili, akanitazama kama mtu aliyepotewa na akili. Sikuweza kumweleza. Tangu ulipoondoka nilikuwa nimekosa ushahidi hata mmoja wa kukuletea, na sasa nilikuwa nao ndani ya mbavu zangu. Niliteremka ngazi za hospitali nina furaha, Gidudu. Nilipofika stendi ya boda ndipo nikakumbuka kwamba kifua kile ni changu.

Mchawi gani anajiloga mwenyewe kwa dawa aliyomlogea mwenzake? Muulize mganga wako, unijibu.

Vumbi halijawahi kuniogopa. Lilikuwa linamaliza kwako kwanza.

Sikuombi msamaha wa uchawi kwa sababu sikukuloga. Sikuombi urudi Jinja ukitaka kukaa Mbale, Mbale ni kwenu, nami nimekwisha ulizia chumba Nkoma, hapohapo Mbale karibu na hospitali, tukae sote watatu kama ukikubali. Nambozo amefunga vyombo nusu. Na kazi ipo, nimeifikiria sana. Rangi. Mkono ule unaopindisha mkia wa herufi kwenye granaiti unashindwaje na ubao? Tuandike mabango ya maduka, tuandike majina kwenye boda, tuandike hata misikiti na makanisa. Rangi haina vumbi. Ukiandika R mahali pa L tunaifuta kwa kitambaa na mafuta ya taa, tunacheka, na kicheko kinaishia palepale. Nitasimama nyuma yako kukutajia herufi. Mimi darasa la sita, wewe darasa la nne, tukijumlisha hapo si tumemaliza shule kabisa?

Hilo la kukata kwa maji na kuvaa barakoa ya kweli tuwaachie walio wazima, na tuwafundishe kwa kelele. Sisi wawili tumekwisha kula sehemu yetu.

Picha yangu ya mapafu nimeileta. Mama wa chai amekubali itundikwe kibandani, kando ya barua hii, upande jua linapotokea. Jina langu liko pembeni limeandikwa na hospitali, usije ukasema nimeokota ya mtu. Chukua na yako, najua hukuitupa, mtu hatupi picha ya mwili wake. Ziweke pamoja kwenye mwanga. Angalia kama si mwandiko wa fundi mmoja.

Nami nitakuwa nimekaa papo hapo kwenye benchi. Sitagonga mabati. Sitasema neno, nimemwapia dada yako, na unajua kiapo hicho kwangu ni sawa na kufunga Ramadhani mara mbili. Nitasikiliza tu. Grainda ikinyamaza nitajua umesomewa. Ila, shemeji, nakusihi kwa jina la mama aliyewazaa wewe na Nambozo: inyamaze kwa kidole chako, leo, ungali na nguvu za kubonyeza. Usiniache nikisubiri kunyamaza kule kwingine.

Chai yako nimekwisha agiza. Ina maziwa. Hayateremshi kitu, lakini unayapenda.

Ni mimi shemeji yako, mume wa Nambozo, ambaye vumbi halimwogopi hata kidogo,

Swaibu